Kikao cha Baraza la Jiji kwa Njia ya Mtandao Wakati wa Mlipuko wa Ugonjwa: Mwongozo Kamili

Mlipuko wa ugonjwa ukitangazwa, kazi za baraza la jiji hazipungui. Fedha za dharura zinataka idhini, mkataba wa kuzoa taka unafika mwisho, masoko yanatakiwa kupangwa upya, na tarehe ya kupitisha bajeti haisogei kwa sababu watu wamekatazwa kukusanyika. Shirika la Afya Duniani lilitangaza UVIKO-19 kuwa dharura ya afya ya umma ya kimataifa tarehe 30 Januari 2020, na dharura hiyo ilifikia tamati tarehe 5 Mei 2023. Baraza lililodhani litaahirisha vikao kwa wiki mbili tatu hadi hali itulie lilikuwa linajidanganya.

Mwongozo huu unamlenga zaidi katibu wa baraza, maana mzigo wote huishia mezani kwake. Nitasema mapema ninachokiamini: kikao cha mtandaoni ni suala la sheria kwanza, la sauti pili, na la picha mwisho kabisa. Wengi huanza na swali la programu ipi inunuliwe. Swali la kuanza nalo ni hili: uamuzi tutakaoupitisha wiki ijayo ukipingwa mahakamani mwakani, utasimama?

Hatua ya kwanza: soma sheria kabla hujagusa kompyuta

Kaa na mwanasheria wa jiji, fungueni sheria inayoliunda baraza pamoja na kanuni za kudumu, na mtafute maneno machache tu. Je, sheria inasema diwani "atahudhuria", au inasema "atakuwepo mahali" fulani? Akidi, yaani idadi ya chini ya madiwani inayofanya kikao kiwe halali, inahesabiwaje? Kura inapigwa kwa kunyoosha mkono, kwa sauti au kwa karatasi? Tangazo la kikao linatakiwa kutolewa siku ngapi kabla, na libandikwe wapi? Na mwananchi ana haki ya kuingia na kusikiliza tu, au pia ya kusema?

Maneno hayo yanaonekana madogo. Uingereza ilibidi Bunge litunge sheria mpya mwaka 2020, kisha zikatoka kanuni zilizoanza kutumika tarehe 4 Aprili, ndipo mabaraza ya England yakaruhusiwa kukutana kwa mbali. Ruhusa ile ilikuwa na ukomo: ilihusu vikao vya kabla ya tarehe 7 Mei 2021. Ukomo ulipokaribia, suala la England likafikishwa Mahakama Kuu, na Aprili 2021 mahakama ikaamua kwamba chini ya sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1972, kukutana ni kukutana ana kwa ana. Mabaraza yakarudi ukumbini, yaliyojiandaa na yasiyojiandaa.

California nchini Marekani kikwazo kilikuwa cha namna nyingine. Sheria yao ya vikao vya wazi ilikuwa tayari inaruhusu diwani kushiriki kwa simu, ila kwa sharti kwamba anwani ya mahali alipo iandikwe kwenye ajenda na mahali hapo pawe wazi kwa wananchi. Wakati wa ugonjwa wa kuambukiza, maana yake ni kukaribisha umma sebuleni kwa diwani. Machi 2020 gavana alilazimika kusimamisha sharti hilo kwa amri ya dharura.

Kwa hiyo mkikuta sheria yenu haisemi lolote, msichukulie ukimya kuwa ruhusa. Ombeni waraka au amri kutoka ngazi ya juu yenye mamlaka, kwa maandishi, yenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Baada ya hapo baraza lenyewe lipitishe kanuni za muda za vikao vya mbali. Kama bado mnaweza kukutana ana kwa ana hata mara moja, kwa akidi ndogo kabisa inayoruhusiwa, madirisha wazi na viti vilivyoachana, itumieni nafasi hiyo kupitisha kanuni hizo. Kanuni za vikao vya mbali zilizopitishwa ndani ya kikao cha mbali ambacho bado hakina uhalali ni kichekesho ambacho wakili wa upande wa pili atakifurahia.

Hatua ya pili: punguza ajenda

Ukumbini kikao cha saa sita kinavumilika: watu wanatoka kunywa chai, wananong'onezana, wananyoosha miguu. Mbele ya skrini, saa mbili zikipita umakini umekwisha. Chambueni ajenda katika mafungu matatu: mambo yenye tarehe ya kisheria, mambo ya dharura yenyewe, na mengine yote. Fungu la tatu lingoje, au lishuke kwenye kamati.

Ila kuna mtego. Dharura ni kipindi ambacho watendaji hupenda kuomba madaraka ya muda ili waamue bila baraza. Wakati mwingine ni lazima. Mkikubali, wekeni kiwango cha juu cha fedha, orodha ya mambo yanayohusika, na sharti la taarifa katika kila kikao kinachofuata. Na jambo lenye ubishi mkubwa mtaani, kama vile kubadilisha matumizi ya ardhi, lisipitishwe harakaharaka kwa kisingizio kwamba ukumbi umefungwa.

Hatua ya tatu: gawa kazi, na andika nani ana funguo

Mwenyekiti hawezi kuongoza mjadala na papo hapo kuzima maiki za watu. Katibu hawezi kuandika kumbukumbu huku anaruhusu watu kuingia. Unahitaji angalau watu wanne: mwenyekiti anayeongoza, katibu anayehesabu akidi, kuita majina na kurekodi kura, fundi anayesimamia mtambo, na mhudumu wa wananchi anayepokea wanaotaka kusema na kuwapanga foleni. Kila mmoja awe na wa kumrithi, maana katika mlipuko hata fundi anaugua.

Watu hao wawe na njia yao ya pembeni ya kuwasiliana, kwa mfano kundi la ujumbe kwenye simu, kwa ajili ya uendeshaji tu: "Diwani wa kata ya saba amekatika", "mwananchi wa pili hapatikani, nenda kwa wa tatu".

Sasa suala la funguo. Kwenye mtambo, anayeitwa mwenyeji wa kikao ana uwezo ambao hakuna ofisa aliyewahi kuwa nao ukumbini: anaweza kumnyamazisha diwani kwa kubonyeza mara moja, au kumtoa nje kabisa. Baraza dogo la Handforth, England, lilijulikana duniani Februari 2021 baada ya video ya mkutano wao wa Desemba 2020 kusambaa: kulizuka ubishi juu ya nani ana mamlaka ya kuendesha, na ofisa aliyeshika uenyeji akamwondoa mwenyekiti kikaoni. Watu walicheka, lakini ndani ya kile kichekesho kulikuwa na swali zito. Kanuni zenu za muda ziseme waziwazi: fundi hamnyamazishi wala kumtoa diwani ila kwa agizo la mwenyekiti linalosikika na wote, au kwa agizo la baraza iwapo mhusika ni mwenyekiti mwenyewe. Kuzima maiki iliyosahauliwa wazi ni jambo jingine, hilo fundi alifanye bila kuuliza. Hata Mahakama ya Juu ya Marekani, ilipokuwa ikisikiliza kesi kwa simu Mei 2020, sauti ya choo kikivutwa maji ilisikika katikati ya hoja za mawakili.

Hatua ya nne: jenga kikao juu ya sauti

Diwani asiyeonekana lakini anasikika yupo kikaoni. Anayeonekana huku mdomo unacheza bila sauti hayupo. Mazungumzo ya sauti pekee yanahitaji kiasi kidogo sana cha intaneti, chini ya kilobiti 100 kwa sekunde. Picha ya kundi inakula mara kadhaa ya hapo. Upangaji wote uanzie kwa diwani mwenye mtandao dhaifu kuliko wote.

Chagua programu yenye mambo haya, mengine ni urembo: namba ya kupiga kwa simu ya kawaida isiyo na intaneti, chumba cha kusubiri ambamo mtu hukaa mtandaoni hadi aruhusiwe kuingia, uwezo wa kufunga gumzo la faragha kati ya washiriki, kurekodi, na kupeleka matangazo ya moja kwa moja kwenye ukurasa wa jiji. Usitegemee akaunti ya bure. Ile ya Zoom, kwa mfano, huwakata watu baada ya dakika 40, na dakika ya 40 ina tabia ya kuangukia katikati ya kura.

Kila diwani apigiwe simu mmojammoja, si kutumiwa fomu. Muulize anatumia kifaa gani, atakaa wapi, umeme ukikatika atafanyaje, na bando analipa nani. Swali la mwisho lisionewe haya. Baraza likimwachia diwani ajilipie, wenye kipato kidogo ndio watakaokatika kwanza, na kata zao ndizo zitakazokosa sauti. Kisha kila mmoja apewe karatasi moja, ndiyo, karatasi halisi, yenye namba ya kupiga, nambari ya kikao, nywila, na namba ya fundi. Siku mtambo unapomgomea, hataweza kufungua barua pepe kutafuta maelekezo.

Kama baadhi watakuwa ukumbini na wengine nyumbani, jihadharini. Mtindo huo wa mchanganyiko ni mgumu kuliko aina nyingine zote. Kompyuta moja iliyowekwa mwisho wa meza ndefu itawapa walio mbali mwangwi na minong'ono. Kila anayezungumza ukumbini awe na maiki yake, na walio mbali waitwe kwanza, si mwisho, kwa sababu wa mbali husahaulika.

Hatua ya tano: mlango wa wananchi

Hapa ndipo mabaraza mengi huteleza. Kurusha kikao mtandaoni kunatimiza haki ya kutazama. Hakutimizi haki ya kusema, wala hakumfikii asiye na simu ya kisasa.

Tangazo la kikao libandikwe kule kulikozoeleka hata kama ofisi zimefungwa, lisomwe redioni, na lieleze njia zote za kushiriki kwa lugha nyepesi: kutazama, kusikiliza kwa simu, kutuma maoni kwa maandishi, kusema moja kwa moja. Gharama ya kupiga simu nayo itajwe. Ramani na nyaraka ziwekwe mapema zikiwa na namba kubwa za kurasa, kwa sababu anayesikiliza kwa simu haoni kinachooneshwa kwenye skrini. Mtoa mada afundishwe kusema "tazama ukurasa wa 12, mstari wa tatu", na si "kama mnavyoona hapa".

Kwa wanaotaka kusema, ruhusu kujiandikisha hadi muda mfupi kabla ya kipengele husika, kwa simu au ujumbe. Anayepiga kwa simu anahitaji kuelezwa vitufe. Kwenye Zoom, nyota na 9 hunyoosha mkono, nyota na 6 hufungua maiki. Mhudumu ayasome maelekezo hayo kwa sauti kila kipengele kinapofunguliwa, hata kama yanachosha.

Jambo moja dogo litakalokuokoa: matangazo ya moja kwa moja huchelewa, mara nyingi sekunde kadhaa hadi nusu dakika. Mwananchi akipiga simu huku redio au kompyuta yake inapaza sauti ya kikao, atajisikia mwenyewe kwa kuchelewa, atachanganyikiwa na kunyamaza. Kabla hajaunganishwa, mhudumu amwambie: "Zima kwanza matangazo unayotazama, baki na simu tu." Na kwa sababu ya kuchelewa huko, mwenyekiti akishauliza kama kuna mwingine wa kusema, ahesabu dakika nzima kabla ya kufunga. Ukimya wa dakika moja unatisha, lakini kufunga mlango huku watu wako njiani ni vibaya zaidi.

Maoni ya maandishi yasirundikwe kwenye faili. Amueni mapema: yatasomwa yote, yatafupishwa na nani, au yatagawiwa madiwani saa ngapi kabla ya kikao. Tafsiri ya lugha ya alama iwe na dirisha lake la kudumu kwenye skrini, isije ikamezwa kila msemaji anapobadilika.

Kisha kuna wahuni. Mwaka 2020 vikao vingi vya wazi vilivamiwa na watu waliopiga kelele, kutukana au kuonesha picha chafu. Dawa yake si kufunga milango. Wasemaji wapite chumba cha kusubiri, waingie kwa sauti tu, uwezo wa kuonesha skrini ubaki kwa fundi, na watazamaji wengine waelekezwe kwenye matangazo. Ila tofautisheni mhuni na mwananchi mwenye hasira. Anayelikosoa baraza kwa maneno makali ana haki ya dakika zake kama mwingine yeyote.

Hatua ya sita: fanyeni mazoezi ya kuharibikiwa

Zoezi la kuonesha kwamba mtambo unafanya kazi halina faida kubwa. Fanyeni zoezi la mambo kuharibika. Mwenyekiti akatwe makusudi katikati ya hoja. Diwani mmoja ajiunge kwa simu ndogo. Pigeni kura ya majaribio yenye mgongano wa maslahi. Muombeni mtumishi mmoja ajifanye mhuni. Mtayaona matundu ndani ya nusu saa.

Hatua ya saba: siku yenyewe

Mtambo ufunguliwe nusu saa kabla, na kila diwani ajaribiwe sauti anapoingia. Aandike jina lake kamili na kata, si "simu ya mama watoto".

Mwenyekiti afungue kwa maneno yaliyoandikwa: sheria au amri inayoruhusu kikao hiki, kwamba kinarekodiwa, namna ya kuomba kusema, na kitakachofanyika mawasiliano yakikatika. Kisha katibu aite majina. Jibu la "nipo" pekee halitoshi. Aulize: "Mheshimiwa, unatusikia vizuri, na kuna mtu mwingine chumbani ulipo?" Jibu liingie kwenye kumbukumbu.

Mjadala wa mtandaoni unataka nidhamu ambayo ukumbini huja yenyewe. Hakuna anayeanza kusema kabla ya kutajwa jina. Kila anayesema ajitambulishe kwanza, kwa faida ya wanaosikiliza kwa simu na ya mwandishi wa kumbukumbu. Gumzo la maandishi kati ya madiwani lifungwe. Majadiliano yaliyofichika kwa wananchi ni kikao cha pili cha siri ndani ya kikao cha wazi, na ujumbe wa simu kutoka kwa mwenye maslahi kwenda kwa diwani dakika mbili kabla ya kura ni balaa zaidi.

Kura ni kwa kuitwa jina, kila mara. Sahauni "wanaoafiki waseme ndiyo", maana mtambo hupitisha sauti ya mmoja na kumeza za wengine. Iende hivi:

Mwenyekiti: "Hoja iliyo mbele yetu ni kuidhinisha fedha za dharura kama zilivyo ukurasa wa nne. Imetolewa na imeungwa mkono. Katibu, ita majina."

Katibu: "Kata ya kwanza?"

"Ndiyo."

Katibu: "Kata ya kwanza, ndiyo. Kata ya pili?"

Kimya.

Katibu: "Kata ya pili hasikiki. Nitarudi kwake. Kata ya tatu?"

Katibu arudie kila jibu kwa sauti. Aliyekosekana aitwe tena mwishoni, apigiwe simu, apewe muda uliowekwa na kanuni. Asiporudi, anaandikwa hayupo. Asiandikwe kamwe kuwa amejizuia kupiga kura, maana kujizuia ni msimamo na kukatika ni ajali.

Akidi nayo ilindwe dakika kwa dakika. Chukua baraza la madiwani 30 lenye akidi ya 15. Wapo 16. Wawili wakikatika, mmebaki 14, na chochote mtakachopitisha kuanzia hapo hakina miguu. Katibu amwarifu mwenyekiti papo hapo, mjadala usimame kwa muda uliopangwa, tuseme dakika 15, na wakirudi akidi ithibitishwe upya kwa sauti. Wasiporudi, kikao kinaahirishwa hadi tarehe inayotajwa. Vivyo hivyo matangazo ya umma yakikatika: kikao kisiendelee gizani ati kwa sababu madiwani wenyewe bado wanasikilizana. Diwani aliyekosa sehemu kubwa ya ushahidi katika shauri la kibali asilipigie kura shauri hilo.

Mwenye mgongano wa maslahi ukumbini hutoka mlangoni na watu wakamwona. Mtandaoni apelekwe chumba cha kusubiri, katibu atangaze kwamba ametoka, na atangaze tena akirudi. Kwa kipengele cha faragha, tumieni kiungo tofauti kabisa chenye nywila tofauti, msitegemee kuzima matangazo na kubaki palepale. Kitufe kilichosahauliwa kimewaumbua wengi. Kila diwani athibitishe kwa mdomo kwamba yuko peke yake. Wakirudi hadharani, uamuzi utajwe.

Hatua ya nane: baada ya kikao

Kumbukumbu zioneshe nani alishiriki kwa njia gani, saa aliyoingia, saa aliyokatika na kurudi, na kila kura kwa jina. Rekodi ihifadhiwe kwenye hifadhi ya jiji, si kwenye kompyuta ya fundi, na ikaguliwe kabla ya kuwekwa hadharani ili sehemu ya faragha isichungulie. Saini za maamuzi zipangiwe utaratibu mapema: kama sheria inatambua saini ya kielektroniki, vema, kama haitambui, tarishi apeleke nyaraka na kalamu yake.

Weka pia kalenda ya tarehe mbili: siku amri ya dharura inapokwisha, na siku mwezi mmoja kabla yake. Katika kikao cha kabla ya mwezi huo, baraza liamue kama linaomba nyongeza au linarudi ukumbini. Likirudi, kikao cha kwanza cha ana kwa ana kiwe na kipengele cha kuthibitisha maamuzi yote yaliyopitishwa kwa njia ya mtandao, yakiorodheshwa moja moja kwa namba na tarehe, mwanasheria akiwa mezani.